Aliogopa dayalisisi, kumbe moyo ndo ulikuwa umetangulia kuumia

Kabla sijaanza, kisa hiki nimekichanganya makusudi, ni wagonjwa kadhaa wa kliniki ya kisukari nimewaweka kwenye mtu mmoja na vipimo nimevisogeza kidogo, kwa hiyo kama unadhani unamjua huyu fundi, humjui. Wanaofanya kazi kliniki za kisukari watamtambua lakini, maana wa namna yake wapo kila siku ya kliniki.

Mwanaume, miaka 58, fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga. Kisukari cha aina ya pili miaka 13, presha miaka 8 hivi ya kumeza na kuacha, hajawahi kuvuta sigara. Amekuja wiki ya pili baada ya Idi, miguu imevimba mpaka soksi imechimba mfereji, anahema akipanda ngazi chache, usiku kikohozi kikavu. Mke wake ndo aliyesema jambo ambalo mzee mwenyewe hakulitaja, kwamba huu mwezi wa pili analala amekaa kwenye kochi, akijinyoosha kitandani anahisi kama anazama. Yeye mzee alikuwa na swali moja tu: "Dokta, niambie ukweli, nimefika kwenye dayalisisi au bado?"

Hofu yake inaeleweka. Jirani yake anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, ameuza pikipiki, ameuza kiwanja, mtaa mzima unajua. Kwa hiyo akisikia neno figo kichwani anaona ile mashine na gharama zake, hakuna kingine. Moyo haukuwepo kabisa kwenye hesabu zake, na tukisema ukweli haukuwepo pia kwenye hesabu za sehemu zote alizokuwa anatibiwa.

Vipimo vya siku hiyo: presha 168/94, kreatinini (taka ya mwili ambayo figo inatakiwa kuichuja) 168, ukiiweka na umri wake kwenye fomula ya kukadiria kazi ya figo unapata eGFR ya 40. Albumini, yaani protini ya damu, kwenye mkojo ikilinganishwa na kreatinini ya mkojo, 640. Kawaida ni chini ya 30, kuanzia 30 mpaka 300 figo inavuja kiasi, juu ya 300 inavuja sana. Kiwango cha damu 10.1, potasiamu 5.1, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu) 7.2. Jibu la swali lake basi ni hapana, hajafika dayalisisi, kwa kawaida dayalisisi yenyewe inakuja huko eGFR ikishashuka chini ya 15. Alivyosikia hivyo akashusha pumzi, akashukuru Mungu, akaanza kuvaa viatu. Mke wake naye akaanza kukusanya makaratasi.

Tukamwambia mzee subiri kwanza, tukamlaza kwa ajili ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Ikatoka na alama za mshtuko wa moyo wa zamani upande wa chini wa moyo, na ukuta wa chemba ya kushoto umenenepa. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ikathibitisha, moyo unasukuma asilimia 42, wakati moyo mzima unasukuma kuanzia kama 55 hivi. Kwa lugha ya mtaani huo ni moyo kutanuka na maji kujaa, ila hapa kuna la zaidi, huyu mtu alishapata shambulio la moyo siku fulani na hakuna aliyejua, yeye mwenyewe hajui!

Ilikuwa lini? Hapa ndo nataka nikae kidogo, maana jibu lilikuwa kwenye daftari lake.

Ni daftari la shule la kurasa 64, jalada limefunikwa gazeti, kila alipotibiwa wameandika humo humo. Miaka miwili nyuma kuna ukurasa umeandikwa kipimo cha mkojo, protini ++, sukari +, chini yake: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, siprofloksasini siku tano. Miezi minne baadaye protini ++ tena, UTI, antibayotiki nyingine. Mara ya tatu imeandikwa "UTI sugu" na akapewa sindano. Chembe nyeupe hazikuonekana hata mara moja, naitrati (alama ya bakteria kwenye mkojo) hakuna, mgonjwa haungui akikojoa, analalamika tu kwamba mkojo unatoa povu. Mara tatu mkojo ulisema figo inavuja na mara tatu ukajibiwa kwa dawa ya bakteria. Silaumu sana mtu mmoja mmoja, ukiwa zahanati una foleni ya watu 80 na kipimo ni kile kikaratasi cha kuchovya, protini unaiona kila siku, na UTI ni neno ambalo mgonjwa analielewa na anaondoka ameridhika. Lakini kwa mwenye kisukari protini inayorudi rudi bila dalili za maambukizi ni figo mpaka uthibitishe vinginevyo.

Alafu mwezi wa nane mwaka jana kuna mistari miwili tu: "kiungulia kikali, jasho, kutapika mara moja, hana maumivu ya kifua", kapewa dawa ya vidonda vya tumbo, karuhusiwa. Nikamuuliza mzee, siku ile ilikuwaje? Akasema alikuwa anakata kitambaa, jasho likamtoka kama kamwagiwa maji, tumbo la juu likabana, akakaa chini, akadhani sukari imeshuka akala tende mbili. Baada ya hapo akawa mchovu, mchovu usioisha, na mwezi uliofuata akafunga mota kwenye cherehani yake. Miaka 30 anakanyaga pedeli kwa miguu, ghafla ananunua mota, na akaieleza familia kwamba ni kwenda na wakati.

Siwezi kuapa kwamba shambulio lilikuwa siku ile, ila ningeambiwa niweke dau ningeweka hapo. Kisukari cha muda mrefu kinaua mishipa ya fahamu ya moyo pia, si ya miguu tu, kwa hiyo lile bano la kifua tunaloliona kwenye tamthilia linaweza lisije kabisa. Linakuja jasho, kichefuchefu, kiungulia, pumzi kukata, au uchovu tu ambao mtu anauita uzee. Mwenye kisukari cha miaka 10 na kuendelea akija na jasho na "tumbo" la ghafla, ECG ifanyike hata kama anacheka.

Sasa kwa nini nasema mkojo ule ulikuwa unazungumzia moyo? Figo ina vichujio vidogo vidogo vya mishipa ya damu, fikiria chujio la tui ambalo matundu yake yametanuka mpaka machicha yanapita, ndo albumini inavyopita. Lakini ule utando wa ndani ya mshipa ulioharibika kwenye figo ni utando uleule uliopo kwenye mishipa ya moyo, ya ubongo na ya macho, na sukari pamoja na presha havichagui kiungo. Tofauti ni kwamba figo ina pa kuonyesha, kwenye kikopo cha mkojo, moyo hauna. Kwa hiyo albumini ni taarifa ya mishipa ya mwili mzima.

Na namba zipo. Uingereza walifuatilia watu zaidi ya 5,000 waliogundulika na kisukari cha aina ya pili, ule utafiti mkubwa wa UKPDS, hesabu za figo zikatoka 2003. Waliokuwa na protini nyingi kwenye mkojo, kila mwaka asilimia 2.3 walisogea hatua ya mbele, yaani kreatinini kupanda juu au kuhitaji dayalisisi au figo mpya, na kila mwaka asilimia 4.6 walifariki. Soma tena hizo namba mbili. Mtu aliye kwenye hatua ya fundi wetu uwezekano wake wa kufa ulikuwa mara mbili ya uwezekano wa kusogea kule anakokuogopa, na magonjwa ya moyo na mishipa ndo muuaji mkuu wa watu hawa. Marekani nao 2013 walitoa hesabu ya miaka kumi: wasio na kisukari wala ugonjwa wa figo walifariki asilimia 7.7, wenye kisukari bila ugonjwa wa figo 11.5, wenye vyote viwili 31.1. Kisukari peke yake kiliongeza kidogo, figo ilivyoingia ndo hesabu ikaruka. Ndo maana nikisikia mgonjwa anaambiwa "usijali, figo bado hazijafeli" natamani sentensi iendelee.

Turudi kwa mzee, maana bado hatujajibu kwa nini aliangukia wiki ile na si nyingine.

Ramadhani kwa fundi cherehani wa Tanga ndo mavuno ya mwaka, kanzu za watoto, madela, magauni ya Idi, watu wanaleta vitambaa kumi la mwisho na wote wanataka kabla ya mwezi kuandama. Alikuwa anashona baada ya tarawehe mpaka karibu na daku. Mgongo ukawa unauma, akawa anameza diklofenaki, moja akifuturu na nyingine usiku, wiki tatu mfululizo, kanunua duka la dawa bila kuulizwa chochote. Dawa za maumivu za kundi hilo, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, zinabana mshipa unaoingiza damu kwenye figo na zinafanya mwili ushike chumvi na maji. Moyo mzima unaweza kuvumilia, wa asilimia 42 hauvumilii, maji yanarudi nyuma kwenye mapafu na kushuka miguuni. Juu ya hapo dawa za presha aliacha tangu mwezi ulipoanza, kwa sababu mchana hawezi kumeza na usiku anasahau. Alafu miguu ilivyoanza kuvimba aliambiwa na mtu wa duka la dawa kwamba ni ile amlodipini ya presha, ambayo kweli inavimbisha miguu kwa baadhi ya watu, ila yeye alikuwa ameshaiacha!

Na kuna hili la sukari. Mzee alikuwa na furaha, "sukari yangu siku hizi iko poa dokta, inashuka yenyewe, hata ile dawa naimeza nusu." Anameza metformini na glibenklamaidi. Alikuwa anatumia pia unga wa majani fulani na sifa zote amewapa majani. Jamani, figo ni moja ya viungo vinavyoondoa insulini mwilini, na mabaki ya glibenklamaidi yanatoka kupitia hukohuko. Figo ikichoka, insulini na dawa vinakaa muda mrefu zaidi na sukari inashuka. Mtu wa kisukari cha muda mrefu ambaye sukari inaanza kushuka bila sababu anatakiwa apimwe kreatinini siku hiyohiyo. HbA1c nayo ikiwa damu ni pungufu kwa sababu ya figo inaweza kusoma chini kuliko hali halisi, kwa hiyo ile 7.2 sikuipigia makofi. Na sukari kushuka sana usiku kwa mtu mwenye kovu kwenye moyo ni njia moja ya mapigo kuvurugika akiwa amelala.

Tulichofanya. Alilazwa siku chache, Lasix ya mshipani, dawa ya kutoa maji, alitoa maji mengi na siku ya pili usiku akalala kitandani, mke wake ndo aliyetangaza wodini. Diklofenaki marufuku, maumivu ya mgongo parasetamoli na kiti kipya chenye egemeo. Glibenklamaidi ikaondolewa, metformini ikashushwa mpaka gramu moja kwa siku kwa sababu eGFR ipo chini ya 45, na ikishuka chini ya 30 itaondoka kabisa. Losartani ya presha ikaanza, hii ina historia ndefu, tangu 2001 inajulikana inachelewesha figo za wenye kisukari kufeli. Kavedilolo dozi ndogo kwa ajili ya moyo. Asprini kwa sababu ana kovu tayari, asingekuwa nalo ningefikiria mara mbili.

Statini, dawa ya kolesteroli, ilileta mjadala kidogo maana alisema kolesteroli alipima na iko sawa. Kwa mtu kama huyu statini hatuitoi kwa kuangalia kolesteroli peke yake, tunaitoa kwa sababu ya hatari yote kwa pamoja. Na muda una maana: Ujerumani waliwapa atorvastatini, mojawapo ya statini, watu wenye kisukari ambao tayari wapo dayalisisi, matokeo ya 2005, haikuleta faida ya maana. Wakati utafiti wa SHARP wa 2011, watu zaidi ya 9,000 wenye ugonjwa wa figo na wengi wao hawajafika dayalisisi, simvastatini na ezetimaibu, dawa nyingine ya kolesteroli, zilipunguza matukio makubwa ya mishipa kuziba kwa asilimia 17. Ukisubiri mpaka mashine, basi lishaondoka.

Alafu dapagliflozini. Hili kundi lilitengenezwa kama dawa ya sukari, linafanya figo imwage sukari kwenye mkojo, kumbe faida kubwa ipo kwingine. 2015 empagliflozini, ndugu yake, ilipunguza vifo vya moyo kwa asilimia 38 kwa wenye kisukari walio na ugonjwa wa moyo. 2019 utafiti wa CREDENCE, wagonjwa 4,401 wa aina ya fundi wetu kabisa, kisukari na albumini juu ya 300, kanagliflozini ya kundi hilohilo ilipunguza kulazwa kwa moyo kufeli kwa asilimia 39 na kuharibika kwa figo nako kukapungua. 2020 utafiti wa DAPA-CKD, wa dapagliflozini yenyewe, ukaja na hadithi ileile. Shirika la Afya Duniani wameliweka kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2021 na zipo za viwanda vya India, kwa hiyo ile kauli ya "hizo ni dawa za matajiri" imeanza kuzeeka, ingawa upatikanaji bado unategemea uko wapi na bima yako inasemaje. Tulimweleza na ubaya wake: fangasi sehemu za siri, kwa hiyo usafi, na siku akitapika au kuharisha au ameshindwa kula aiache kwanza mpaka apone, maana kuna hatari ya tindikali kujaa kwenye damu hata sukari ikiwa haijapanda sana.

Wiki mbili baadaye ndo sinema ikaanza. Kreatinini imepanda kutoka 168 mpaka 196. Kijana wake alimpeleka kupima mahali pengine, huko wakamwambia dawa mpya zinaua figo, achana nazo zote. Kijana akanipigia, kwa heshima lakini amekasirika, "dokta, baba alikuja na figo za 168 na sasa ni 196, mnamtibu au mnammaliza?" Swali zuri kabisa. Losartani na dapagliflozini zote zinapunguza presha ndani ya vichujio, kwa hiyo mwanzoni kuchuja kunashuka kidogo na kreatinini inapanda kidogo, alafu inatulia, na miaka inayofuata inashuka taratibu kuliko ambavyo ingeshuka bila dawa. Tunavumilia kupanda mpaka asilimia 30, yeye alipanda kama 17. Ingefika 220 hivi tungesimama tuangalie upya, pengine Lasix imezidi au mshipa wa figo umebana. Naamini watu wengi wanapotezewa dawa ya kuwaokoa hapo hapo, wiki ya pili, kwa kuogopa namba ambayo ilitarajiwa.

Potasiamu ndo ilinitisha zaidi ya kreatinini, 5.8. Losartani inapandisha, ndiyo, ila nikauliza kuhusu chakula na mke wake akasema amepunguza kila kitu, chumvi, wali, chai ya sukari, "ila madafu namnunulia kila siku mawili, si yanasafisha figo shemeji?" Hii imani ipo pwani yote. Madafu yana potasiamu nyingi, glasi moja ni kama miligramu 600, na dafu moja lina zaidi ya glasi. Kwa mwenye figo nzima ni kinywaji kizuri tu, kwa mwenye eGFR ya 40 anayemeza losartani ni hatari ya moyo kusimama bila taarifa. Nilimrudishia ECG siku hiyohiyo, ilikuwa haijabadilika, madafu yakasimama, ndizi na juisi ya parachichi zikapunguzwa, losartani sikuigusa. Siku sita baadaye 4.9.

Sasa hivi ni mwezi wa sita. Presha 132/78, bado nataka ishuke chini ya 130. Albumini kutoka 640 mpaka 290. Kreatinini 188, imetulia. Hajalazwa tena. Kuna wiki dapagliflozini ilikosekana akakaa bila, na hatujui itakosekana lini tena. Damu bado ndogo, madini ya chuma yalikuwa chini, anaongezewa. Sindano za kisukari za semaglutaidi, zile za utafiti wa 2024 zilizoonyesha zinalinda figo na kupunguza vifo vya moyo, nilizitaja mara moja, akauliza bei, tukaendelea na mengine. Wadogo zake wawili wana kisukari pia, tumewaita, mmoja kaja, albumini yake 85, huyo tumemuwahi.

Kilichobaki mezani ni Ramadhani ijayo. Kwa moyo huo na figo hizo yupo kundi la hatari kubwa kufunga, maji yakipungua mchana dawa zote zile zinageuka kuwa hatari, na nimemwambia hivyo mbele ya mke wake. Akasema amefunga tangu ana miaka saba na ataongea na shekhe wake kwanza. Nimemuomba aje na shekhe kliniki, mwezi wa Shaabani, kabla kazi za Idi hazijaanza kuingia.